Mtu Anayekimbia Usiku

Ukimwambia mtu wa Manzese kwamba unaandaa filamu yenye giza, atakuuliza kama LUKU imeisha. Hilo ndilo jibu la kwanza nililopata kwenye utafiti wangu wa hadhira, kutoka kwa kijana anayeuza vocha, kabla hata hajasaini fomu ya ridhaa. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya uchochoro: taa moja juu ya mlango, ukuta mzima umemezwa na kivuli. Akaitazama kwa adabu. "Umeme umekatika," akasema, kisha akanirudishia simu yangu.

Mradi wangu wa shahada ya uzamili ni mdogo ukiutazama kwa mbali: dakika mbili na nusu za mwanzo wa filamu, pamoja na maandishi yanayoeleza kwa nini kila shoti iko pale ilipo. Filamu yenyewe ni ya aina ambayo Wafaransa waliiita film noir, yaani filamu nyeusi. Jina lilianza kushika mwaka 1946, mkosoaji Nino Frank alipoandika kuhusu filamu za Kimarekani zilizofika Paris kwa mkupuo baada ya vita. Darasani tunaziita nwaa. Unazijua hata kama hujui kwamba unazijua: mji usiku, lami iliyolowa, mwanamume aliyejiingiza kwenye jambo lililomzidi kimo, na sauti yake ikisimulia kama mtu ambaye mwisho wake anaujua tayari.

Wengi huniuliza nwaa na Dar es Salaam zilikutana wapi. Kwangu zilikutana kwenye kabati la baba. Kulikuwa na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965. Kulikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, majalada yamelegea, kurasa zimetafunwa na mende pembeni. Mji wa usiku niliusoma kwa Kiswahili kabla sijaruhusiwa kutoka nyumbani baada ya magharibi. Kwa hiyo sikuona kama ninaleta kitu kigeni. Nilichotaka kujua ni kwa nini giza tulilonalo vitabuni halikuhamia kwenye skrini, ambako filamu zetu nyingi zimewashwa taa kila kona kama ukumbi wa harusi.

Msimamizi wangu hakupendezwa na habari ya kuuliza watazamaji. "Unatengeneza filamu au unafanya uchaguzi?" aliniuliza. Hoja yake ina uzito. Mwaka 1942 studio ya RKO iliwaonyesha watazamaji wa majaribio huko Pomona, California, filamu ya Orson Welles iitwayo The Magnificent Ambersons. Wengi hawakuipenda. Studio ikakata zaidi ya dakika 40 Welles mwenyewe akiwa Brazil, na vipande hivyo havijaonekana tena hadi leo. Nikamjibu kwa mfano mwingine. Billy Wilder alipotengeneza Sunset Boulevard, aliianzisha kwenye chumba cha maiti, na maiti walikuwa wakisimuliana jinsi walivyokufa. Kwenye onyesho la majaribio huko Evanston, Illinois, watu wakacheka. Wilder akakiondoa chumba chote. Filamu iliyotoka mwaka 1950 inaanza na maiti anayeelea kwenye bwawa la kuogelea, na bado ni maiti huyo huyo anayesimulia. Yaani alikisikia kicheko, akakitii nusu. Sidhani kama watu wa Evanston walijua wanachomwambia. Wao walicheka tu, kazi ya kujua ilikuwa yake.

Msimamizi akanyamaza kidogo, kisha akasema niendelee, mradi nisimletee asilimia.

Sikumletea, na hata ningetaka nisingezipata. Nilianza na dodoso la kawaida ambalo sote tunafundishwa kuliandika: umri, jinsia, aina ya filamu upendayo, kisha maswali ya kuchagua kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Watu walijaza kwa ukarimu mkubwa. Kila mtu alipenda kila kitu. Dodoso kwetu ni kama mgeni: unalipa kiti, unaliambia linachotaka kusikia, likiondoka unaendelea na mazungumzo yako. Nilitaka kuyasikia hayo mazungumzo ya baadaye, na mahali pa kuyasikia ni kwenye kibanda umiza.

Kama umekulia mjini unakijua: mabati, mabenchi, televisheni mbili zimetundikwa juu kama sanamu za watakatifu, feni inayozungusha joto. Jioni ni mpira, mchana ni filamu za nje zilizotafsiriwa. Mwenye kibanda alinipa saa moja siku ambazo hakuna mechi, nami nikalipia benchi zote ili watu waingie bure. Humo hakuna anayejaza dodoso. Humo watu wanaongea na skrini. Mtu akichelewa kufungua mlango anaambiwa fungua, mke akidanganywa anaambiwa unadanganywa. Mtafiti anayejua kuandika haraka anaondoka na daftari limejaa.

Niliwaonyesha dakika za kwanza za filamu tatu, kisha majaribio yangu. Ya kwanza ilikuwa Double Indemnity ya mwaka 1944. Inaanza na kivuli cha mtu mwenye magongo anayetujia taratibu, halafu gari linakimbia usiku Los Angeles, halafu mwanamume aliyejeruhiwa anaingia ofisini na kuanza kuongea na mashine ya kurekodia. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha mbinu za utafiti. Mzee mmoja wa benchi la mbele, bila kuombwa, alianza kutafsiri. Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini alisimulia kwa sauti ya Lufufu, ile sauti ambayo kizazi kizima kiliisikia kwenye kanda za video ikituelezea Wachina na Wahindi na Wamarekani kana kwamba wote walikuwa majirani zake. "Anasema hivi," mzee akatangaza, "kulikuwa na mke wa mtu, na kulikuwa na pesa, na yeye sasa amekwisha." Ambayo ndiyo filamu nzima. Alikuwa ameona jasho na doa kwenye koti, yaliyobaki akayajaza mwenyewe.

Nilipowauliza baadaye kuhusu sauti ya msimulizi, nilikuta hawaoni ajabu yoyote kwamba mtu anasimulia juu ya picha. Walichotaka kujua ni kitu kimoja: "Huyo anayetafsiri, yeye yuko wapi?" Wamezoea msimulizi aliye nje ya hadithi, aliyekaa pamoja nao upande huu wa kioo. Msimulizi ambaye ni mhusika, tena mwenye hatia, walimwona kama mtu anayejitafsiri mwenyewe mahakamani.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Koti refu na kofia, ambavyo mwenzangu wa darasani alivipigania kwa nguvu, vilikufa kwa sentensi moja: "Huyu katoka Makete." Hakuna aliyebishana. Kivuli cha nondo kilichukua muda zaidi. Kwenye nwaa za zamani mwanga hupita katikati ya mapazia ya vibao, ukachora mistari usoni mwa mtu, nawe unahisi gereza linamsubiri. Sisi vibao hatuna, lakini nondo za dirisha zipo, zenye maua na nyota, na nilikuwa nimepiga picha nzuri ya uso uliokatwakatwa na kivuli chake. Nikauliza mnaona nini. "Yuko kwake," akasema mama mmoja. Bila shaka yuko kwake. Katika mji ambao kila nyumba ina nondo, nondo ni alama ya usalama. Anayetisha ni mwenye dirisha tupu.

Filamu ya pili ilikuwa Kiss Me Deadly ya Robert Aldrich, ya mwaka 1955. Mwanamke anakimbia peku barabarani usiku, amevaa koti tu, magari yanampita, mpaka anasimama katikati ya barabara na kulazimisha gari moja lisimame. Majina ya waigizaji yanashuka kutoka juu kwenda chini huku tukiendelea kumsikia akihema. Kibanda kizima kilikuwa upande wake kwa sekunde chache tu. "Simama, msaidie dada wa watu!" Dereva alipoonyesha hasira kwa sababu ya gari lake, alitukanwa matusi ambayo sikuyaandika.

Ya tatu, The Killers ya mwaka 1946, wauaji wawili wanaingia kwenye mgahawa wa mji mdogo kumtafuta mtu. Kijana mmoja anakimbia kupitia nyuma ya nyumba ili akamwonye. Anamkuta amelala gizani, ameshasikia, na hataki hata kuinuka. Huyo kijana anayekimbia hawakumshuku, kwa kuwa walikuwa mgahawani pamoja naye na walijua anawahi wapi. Aliyewasumbua ni yule aliyelala. "Kwa nini hakimbii?" aliuliza kijana mmoja, akarudia mara mbili. Mtu akamjibu kutoka nyuma: "Amechoka."

Kisha nikaweka jaribio langu. Sekunde 35, zimepigwa kwa simu, mwenzangu anakimbia uchochoroni usiku na begi amelikumbatia kifuani. Hakuna maneno. Kwenye skripti anakimbia kwa sababu ameona kitu ambacho hakupaswa kukiona, na watazamaji wangekuja kukijua baadaye. Ni mwanzo wa kawaida kabisa wa nwaa: kwanza mtu aliye hatarini, sababu itafuata.

"Mwizi," akasema mtoto.

Hakusema kwa kelele. Alisema kama mtoto anayetaja mnyama kitabuni. Halafu benchi zima likaitikia, kwa kicheko, nusu mzaha na nusu mazoea: mwizi huyo, mkate mtama, kamata. Mtu mmoja aliinua kandambili juu. Hakuna aliyeuliza nani anamfukuza. Nilirudia jaribio hilo siku mbili nyingine kwa watu wengine, na kila mara neno lilikuwa lile lile. Nilibadilisha begi. Nikaondoa begi kabisa. Nikamvalisha shati jeupe lililochomekewa kama karani. Mwanamke anayekimbia usiku ana shida, mwanamume anayekimbia usiku ana kitu cha mtu.

Hapa lazima niseme wazi kwamba niliandika "matokeo" kwa furaha ya mtafiti. Ni matokeo mazuri, yanaeleweka, yanaingia vizuri kwenye jedwali. Siku hiyo hiyo, wakati nakunja waya, kaka anayekusanya hela mlangoni aliniita. Ni mtu wa makamo, mkono wake wa kushoto haunyooki. Nilikuwa nimeuona mkono huo kila siku na sikuwahi kuuliza.

"Mdogo wangu," akasema, "yule kijana wako anakimbia vizuri. Lakini anakimbia peke yake."

Nikamwambia ndivyo ilivyo kwenye skripti.

"Mimi sikukimbia peke yangu."

Alinisimulia akiwa amesimama, kwa dakika chache, kama mtu anayeelekeza njia. Alikuwa kijana, alikuwa anatoka kazini, akakuta watu wanakimbia na kupiga kelele za mwizi, naye akaungana nao. Hakujua ameibiwa nani. Kukimbia katikati ya wengi, alisema, ni salama. Tatizo ni kwamba alikuwa na mbio. Akawapita wengine. Yule wa mbele kabisa, ambaye ndiye aliyekuwa akifukuzwa, alikata kona na kupotea. "Nikabaki wa mbele mimi."

Magazeti yana maneno yao ya kumaliza habari kama hii: wananchi wenye hasira kali. Sijawahi kusoma habari ambayo wananchi hao walikuwa na majina. Yeye alinitajia wawili, mmoja bado anaishi mtaa wa pili. Aliyemwokoa alikuwa mama muuza samaki aliyemtambua, akalitaja jina lake kwa sauti, akalirudia, akataja na jina la mama yake, mpaka mikono ikaanza kushuka. Mkono ulikuwa umeshavunjika sehemu mbili.

Nilimwuliza kama naweza kuitumia habari yake. Alifikiri.

"Tumia. Ila ukiniweka humo, usinikimbize."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu hadhira, na nyingi zinazungumza kama vile mtazamaji ni mteja anayechagua sabuni: anapenda nini, atabaki dakika ngapi. Hakuna hata moja iliyoniandaa kwa mtazamaji anayeniwekea sharti. Wala sikuweza kulipuuza kwa jina la sanaa, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kibandani jinsi sharti hilo linavyofanya kazi. Nikimwonyesha mwanamume anayekimbia, nimewakabidhi watazamaji kandambili mkononi. Dakika 20 baadaye naweza kuwaeleza kwamba hakuwa mwizi, na watasikitika, lakini kwenye sekunde ya kumi walikuwa wameshampiga.

Kwa hiyo mpango mpya, ambao msimamizi ameupitisha kwa kuandika alama ya vema na neno "sawa", hauna mbio.

Unaanza na giza la LUKU. Yule kijana wa vocha alinipa kitu kikubwa bila kujua: kama watazamaji wangu wakiona giza wanawaza umeme, basi na uwe umekatika kweli, mtaa mzima. Sauti kwanza. Jenereta mbali, redio ya betri, mtu anamwita mtoto aingie ndani. Kisha taa ndogo moja moja: tochi ya simu inayopita, kibatari kwenye meza ya mihogo, sigara. Watu ni vipande tu, mkono, kisigino, meno ya anayecheka. John Alton, mpiga picha aliyeandika Painting with Light mwaka 1949, alikuwa tayari kuacha sehemu kubwa ya picha bila taa yoyote. Mimi siwezi kuthubutu kama yeye, na sababu ni ya kiutafiti kabisa. Kibandani mwanga hupenya kwenye matundu ya mabati ukaua weusi wote. Kwenye simu mchana ni vibaya zaidi, picha nyeusi inageuka kioo na mtu anabaki akijitazama mwenyewe. Kwa hiyo giza langu litakuwa na bluu kidogo ndani yake, na kila baada ya sekunde tano kuwe na kitu kinachowaka.

Sekunde ya 70 umeme unarudi. Ukiwa na miaka 5 au 50 unajua sauti hiyo, watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele kwa pamoja bila kuhesabiana. Friji inanguruma, televisheni inadakia sentensi katikati, taa ya tyubu ya dukani inapepesa mara tatu kabla ya kukubali. Na kwenye baraza la duka lililofungwa amekaa mwanamume. Kandambili mguu mmoja, mguu wa pili peku. Hakuna aliyemwona akija. Ametulia kama yule wa The Killers, mikono juu ya magoti. Kelele za watoto zinapungua moja baada ya moja, jinsi kila mmoja anavyomwona.

Kwenye nwaa nilizozitazama giza ndilo linaloficha hatari. Kwetu, nadhani, hatari huja taa zinapowaka na watu wakaanza kutazamana.

Niliwaonyesha michoro ya shoti hizo, kibandani, na sauti za kurekodi. Hakuna aliyesema mwizi. Mama wa nondo alisema, "Kiatu kingine kiko wapi?" Mzee mtafsiri akasema huyo amefiwa. Kijana mmoja alisema anamsubiri mtu. Walibishana mpaka muda wa mechi ulipofika, na mwenye kibanda akatutoa. Yule mtoto hakuja siku hiyo. Ningependa kumwuliza.

Sauti ya msimulizi imebaki, lakini nimeihamisha. Haitakuwa ya yule aliyekaa. Itakuwa ya mtu mwenye kuchekesha kidogo, anayesimulia kama mtafsiri wa kibandani, aliyekaa upande wetu wa kioo, anayetuambia nani ni nani mtaani. Kila kitenzi chake ni cha wingi: tulikuwa tumekaa, tulimwona, tulidhani. Katika Double Indemnity msimulizi anakiri kosa lake mwenyewe. Huyu wangu naye anakiri, ila bado hajajua, na anakiri kwa niaba ya mtaa mzima. Sijaamua kama kwenye hizo dakika mbili na nusu atalitaja jina la mwanamume au atamwita "yule jamaa". Kaka wa mlangoni anataka jina litajwe mapema, mara mbili. Mpiga picha wangu anasema jina likitajwa mapema fumbo limekufa. Nimewarekodia matoleo yote mawili.

Kibali cha serikali ya mtaa kimetoka kwa usiku mmoja, saa mbili hadi saa sita. Nilipokwenda kukichukua, mwenyekiti alisoma barua yangu polepole, akahesabu idadi ya taa, akauliza kama jenereta itapiga kelele. Kisha akauliza kama kutakuwa na mtu wa kukimbia, maana kukiwa na mtu wa kukimbia watu watatoka na fimbo kabla hawajaiona kamera. Nikamwambia kutakuwa na mtu aliyekaa.

"Amekaa anafanya nini?"

"Amekaa tu, mzee."

Akagonga muhuri.